Fungueni Mlango, Msingoje Dari Itobolewe

Somo: Marko 2:1–12



Habari ya Kapernaumu tunaijua tangu shule ya Jumapili. Yesu yumo nyumbani anafundisha. Watu wamejaa, hata mlangoni hapana pa kukanyaga. Wanakuja watu wanne wamembeba mwenzao aliyepooza, wanakosa njia, wanapanda juu ya nyumba, wanatoboa dari na kumteremsha na godoro lake mpaka mbele ya Bwana. Sisi wahubiri tukifika hapo huwasifu wale wanne, na ni haki yao. Bwana mwenyewe aliiona imani yao. Lakini leo nawasihi tuwaache kwanza kule juu na jasho lao, tutazame chini, mlangoni. Tuutazame umati.

Walikuwa watu gani wale? Maandiko hayasemi kwamba walikuwa waovu. Waliwahi kuja kulisikia Neno. Hatuambiwi kwamba hata mmoja wao alimchukia mgonjwa yule au alimtukana. Walisimama tu. Macho yao yalikuwa kwa Yesu, na migongo yao ilikuwa kwa mtu aliyemhitaji Yesu kuliko wao wote. Ndugu zangu, jambo hilo linanitetemesha. Mtu anaweza kumtazama Bwana kwa moyo wake wote, na papo hapo mgongo wake ukawa ukuta unaomzuia mwenzake asifike.

Tena angalieni hili. Yule mgonjwa alikuwa amepooza tangu kwake, na kupooza huko hakukumzuia kufika kwenye nyumba ile. Alipita njia na vichochoro mabegani mwa rafiki zake, akafika hatua chache tu kutoka kwa Mponyaji. Aliposhindwa, alishindwa mlangoni, na mlango wenyewe ulizibwa na watu wenye miguu mizima. Ulemavu wake aliumudu kwa msaada wa marafiki. Umati ndio uliomlazimu kupitia dari.

Nikimaliza kusema leo, mkisahau mengine yote lishikeni hili: mwenye ulemavu anapokosa matibabu, tusilitafute kosa mwilini mwake. Tulitafute mlangoni petu.

Tutembee hospitalini

Njooni twende pamoja mpaka hospitali, twende polepole kwa mwendo wa wale wasiokwenda haraka.

Tuanzie getini. Bajaji inamshusha dada mwenye kiti mwendo. Nauli yake imekuwa kubwa kuliko ya wenzake kwa sababu daladala hazikukubali kumsubiri apande. Mbele yake kuna ngazi tatu. Kwako wewe ni hatua tatu. Kwake ni mwisho wa safari, ama ni kubebwa na wanaume asiowajua, wakimshika popote mikono yao itakapoangukia. Na penye njia ya mteremko napo twendeni tukapime. Kanuni wanayoijua mafundi duniani kote ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji angalau sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu zenye kimo cha nusu mita zinadai njia ya mita 6. Nimeona njia za mita 2, zimesimama kiasi kwamba hata kijana mwenye nguvu akimsukuma mwenzake hurudi nyuma. Nimeona nyingine zimegeuzwa maegesho ya pikipiki. Njia ya namna hiyo imejengwa ili mkaguzi aione, wala haikujengwa ili mwenye kiti apite.

Twende mapokezi. Dirisha liko juu ya kichwa cha mtu aliyeketi. Anayehojiwa habari za ugonjwa wake analazimika kupaza sauti, na benchi zima linasikia. Kwenye benchi hilo amekaa kijana kiziwi, amefika tangu saa moja asubuhi. Muuguzi anatoka, anaita jina lake mara moja, mara mbili, anaita la mwingine. Saa nane mchana kijana yuko palepale, anatazama midomo ya watu. Akifika kwa daktari, hakuna anayejua lugha ya alama. Ataambiwa aje na ndugu. Basi kesho anakuja na mdogo wake wa darasa la nne, na mtoto huyo ndiye anayepewa mzigo wa kumwambia kaka yake majibu ya kipimo cha VVU. Siri ya mgonjwa imekwenda wapi? Utu wake umekwenda wapi? Na mtoto yule tumemfanyia nini?

Twende dirisha la dawa. Mama asiyeona anapewa bahasha tatu za karatasi, zote sawa kwa ukubwa, zimeandikwa kwa kalamu. Anaambiwa hii moja mara tatu, hii asubuhi, hii usiku. Akifika nyumbani ana bahasha tatu zinazofanana mkononi, na dozi mojawapo, akiikosea, inaweza kumwangusha. Ingegharimu nini kukata kona ya bahasha ya asubuhi na kufunga mpira kwenye ya usiku? Isingegharimu hata shilingi mia. Ingegharimu dakika moja ya mtu anayemfikiria mtu.

Twende chumba cha uchunguzi. Kitanda kiko juu, kinafika kifuani kwa aliyeketi. Kwa hiyo mwanamke mwenye kiti mwendo hapimwi saratani ya mlango wa kizazi. Ataulizwa maswali mawili matatu akiwa kitini mwake, ataandikiwa dawa ya maumivu, ataondoka. Mjamzito asiyeweza kusimama hapimwi uzito kliniki, kwa sababu mizani inamtaka asimame. Kwenye kadi yake huandikwa makisio. Mtoto wa tumboni analindwa kwa makisio!

Na wodi ya wazazi, ndugu zangu, nisiipite. Huko wapo dada zetu wenye ulemavu waliofika na uchungu wa kujifungua wakakaribishwa kwa swali: na wewe nani alikupa mimba? Nasema mbele za Mungu, swali hilo ni dhambi. Mwanamke yule ana mwili, ana moyo, ana ndoa au ana haki ya kuwa nayo, na mtoto aliye tumboni mwake amefumwa na Mungu yuleyule aliyekufuma wewe uliyevaa sare. Dada aliyeulizwa hivyo mara moja, mimba ya pili atazalia nyumbani. Damu ikimwagika huko, tusiseme alikuwa mkaidi.

Tumalizie chooni, mahali ambapo mimbari haipendi kufika. Yuko mtu anayetembea kwa mikono. Sakafu imelowa. Mikono anayoikanyagia sakafu hiyo ndiyo atakayolia chakula. Alikuja kutafuta dawa ya tumbo, tunamrudisha nyumbani na ugonjwa wa tumbo.

Mungu anaangalia ramani za majengo

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya mafundi na wahandisi, hayaihusu madhabahu. Mpendwa, fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 22. Hapo Mungu anaingia mpaka katika ujenzi wa nyumba. Anayejenga anaamriwa kuzungushia dari yake ukingo, na mtu akianguka kwa kukosekana kwa ukingo huo, hatia ya damu iko juu ya nyumba ile. Aliyejenga bila kujali hataokolewa na neno la kwamba hakukusudia. Kwa Mungu wetu, vipimo vya jengo ni jambo la uhai na mauti, na fundi anayeruka kipimo atajibu.

Fungua tena Mambo ya Walawi sura ya 19. Torati inakataza mambo mawili kwa pumzi moja: kumlaani kiziwi, na kuweka kikwazo mbele ya asiyeona. Tafakari kwa nini kiziwi ametajwa. Laana yako haisikii. Hataweza kukujibu wala kukushtaki. Ndiyo maana Mungu mwenyewe anasimama upande wake na kusema, kwa maana, mimi nimesikia. Wewe muuguzi uliyenong'ona neno baya juu ya mgonjwa kiziwi ukijua hasikii, ujue neno lile lilikuwa na msikilizaji. Na kikwazo ni nini? Ni ndoo iliyoachwa koridoni. Ni mtaro usiofunikwa kati ya maabara na wodi. Ni kidole kinachomwelekeza asiyeona kwa kusema, nenda pale.

Ndugu zetu Waislamu, ambao tunatibiana nao kila siku katika hospitali zilezile, wanayo Sura ya Abasa, inayomtetea mtu asiyeona aliyekuja kutaka mafundisho wakati wakubwa wa mji walipokuwa wakishughulikiwa. Katika jambo hili hakuna dini yenye kisingizio.

Na Musa je? Alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumkemea kwa kuwa na ulimi mzito, wala hatusomi kwamba aliubadilisha. Alimpa Haruni awe msemaji wake. Alimwacha Musa kuwa Musa, akaiweka huduma pembeni yake, na kazi ya kulitoa taifa utumwani ikaendelea. Kama Mungu alimpa mtumishi wake msemaji, hospitali ya kanisa itakosaje mkalimani wa lugha ya alama?

Foleni ya Bethzatha

Katika Yohana sura ya 5 kuna birika la Bethzatha, na kando yake wamelala wagonjwa wengi. Mmoja ameugua miaka 38. Shida yake aliieleza wazi: hana mtu wa kumtia majini, na kila akijaribu kwenda, mwingine humtangulia. Ilikuwa tiba inayompokea aliye mwepesi. Aliyehitaji sana ndiye aliyechelewa sana, na aliyechelewa alikosa.

Birika lile bado lipo. Liko kila mahali ambapo huduma inamfikia anayeweza kukimbia, kusikia akiitwa, kusoma kibao na kugombana dirishani. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya Desemba 2022, limesema kwamba watu bilioni 1.3 duniani, yaani mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu mkubwa. Limesema baadhi yao hufa mapema kuliko wengine kwa hadi miaka 20. Wako katika hatari maradufu ya kupata kisukari, kiharusi, pumu na sonona. Na ugumu wa vituo vya afya visivyofikika kwao hufika hata mara sita ya unaowapata wengine. Miaka 20, ndugu zangu! Hiyo ni miaka ya kumwona mtoto akimaliza shule, akioa, akikuletea mjukuu. Haikuchukuliwa yote na ulemavu. Sehemu kubwa imechukuliwa na umaskini, na ngazi, na dharau, na ugonjwa ambao ungetibika kama mgonjwa angefika mapema.

Hapa kwetu Tanzania, Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Basi wewe mganga mfawidhi, kesho asubuhi tazama mabenchi yako. Kama wamekaa watu mia, tungetazamia kuona wenye ulemavu kumi au zaidi. Kama huwaoni, usimshukuru Mungu kwamba wako wazima. Uliza wamelala wapi, na nani amekaa nao, na wana maumivu gani wasiyoweza kuyaleta kwako.

Pale Bethzatha, Bwana hakumngoja yule mtu ajikokote. Alimwendea alipolala. Ndivyo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanavyopaswa kubisha hodi kwenye nyumba ambayo majirani wanajua kuna mtu wa ndani asiyetoka.

Swali ambalo Bwana alilikataa

Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa haoni, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali hilo: si yeye, wala si wazazi wake. Alilifunga. Kwa nini sisi tunalifungua kila siku?

Mama anajifungua mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa, na kabla hajatoka hospitali shangazi wameshaanza kuuliza ukoo wa nani una mkosi. Baba anatoweka. Mtoto anafungiwa chumba cha nyuma. Kumbe maji yanayokikuza kichwa kile yanaweza kupunguzwa kwa upasuaji, na kila wiki inayopita ubongo unazidi kubanwa. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, akipelekwa katika wiki zake za kwanza na kufungwa plasta ngumu (P.O.P.) inayobadilishwa kila wiki, hunyooka akatembea kama wenzake. Akifichwa miaka kumi, safari yake inakuwa ndefu na ngumu. Mwenye ualbino akipata kofia, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kujikinga na jua na kukaguliwa ngozi mara kwa mara, ataepushwa na saratani inayowaua wenzake wakiwa vijana. Uongo juu ya laana unawaua watoto hawa kabla ugonjwa haujawaua.

Nanyi mnaoombea wagonjwa, nasema nanyi kama ndugu. Ombeni. Mimi nami naomba, na naamini Mungu huponya. Lakini msimwambie mtu mwenye ulemavu kwamba imani yake ni haba kwa sababu ametoka mkutanoni na magongo yake. Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake utolewe, akabaki nao, na imani yake ilijenga makanisa. Wako watakatifu wa Mungu watakaokwenda na viti mwendo vyao mpaka siku ya mwisho, wala hawapungukiwi kitu mbele za Bwana. Wanachopungukiwa ni mlango wenye upana wa kutosha.

Wala usisikilize haya kama habari za watu wengine. Wahenga walisema, kabla hujafa hujaumbika. Mefiboshethi alizaliwa mzima katika nyumba ya kifalme. Akiwa na miaka mitano mlezi wake alikimbia naye akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili. Jioni moja ya bodaboda, sukari isiyodhibitiwa, shinikizo la damu lililopanda usiku, vinatosha kukuingiza katika hesabu ya Sensa. Na Daudi alipomkumbuka Mefiboshethi, hakumtumia salamu za pole. Alituma watu wakamlete kutoka alikokuwa, akamketisha mezani pake na kumrudishia mashamba ya babu yake.

Hukumu ianzie nyumbani mwa Mungu

Sasa kanisa, nisikilize. Nani alizijenga hospitali nyingi za nchi hii? Bugando iliyoko Mwanza, KCMC ya Moshi, Haydom, Ndanda, Peramiho: hizi zimezaliwa na madhabahu. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo waliunda pamoja CSSC, tume ya huduma za jamii, kwa sababu huduma ya afya ya makanisa ilikuwa kubwa kiasi cha kudai chombo chake. Basi kabla hatujainyooshea serikali kidole, tuanze na majengo yenye msalaba juu ya paa. Serikali ilikwisha kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na mwaka 2023 likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kaisari ameandika. Je, nyumba ya Bwana itabaki nyuma ya Kaisari? Na tuelewane: kadi ya bima ni kitu chema, ila kadi haipandi ngazi wala haisemi lugha ya alama. Hata bima ya kila mtu itakuwa karatasi tu kwa asiyeweza kuingia.

Wala msiseme haiwezekani, maana yapo yaliyofanyika na tunayaona. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994, iligundua kwamba wanawake wenye fistula walishindwa kufika hata pale matibabu yalipokuwa ya bure, kwa sababu ya nauli. Ikaanza kutuma nauli kwa simu mpaka kijijini, na wanawake wakafika. Hicho ndicho alichofanya Daudi: kutuma watu wakamlete. Pale Moshi, katika eneo la KCMC, chuo cha TATCOT kimefundisha tangu mwaka 1981 mafundi wa miguu ya bandia na vifaa tegemezi, na wanafunzi wake wamekuja kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapohapo KCMC hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya wenye ualbino. Mikono iliyofanya haya ni yetu. Haikushuka kutoka mbinguni imevaa glavu.

Sasa rudini nami Kapernaumu mara moja tu. Yule mtu alipoponywa aliinuka, akajitwika godoro lake, akatoka mbele ya wote. Aliingia kwa dari, akatoka kwa mlango. Maana yake umati ulisogea! Nafasi ambayo haikupatikana kwa mgonjwa aliyebebwa, ilipatikana kwa mzima aliyetembea. Nafasi ilikuwapo. Ilikuwapo tangu mwanzo, ila hakuna aliyeitoa. Bwana na atusamehe, maana ndivyo tulivyo: fedha ya njia ya mteremko huwa haipo, mpaka siku kiongozi wetu mwenyewe anapopata kiharusi, na wiki ileile saruji hupatikana.

Nendeni mkafanye

Maaskofu na wachungaji, msizindue jengo la hospitali ambalo mwenye kiti mwendo hajaingia mwenyewe, akafika mapokezi, maabara, wodini na chooni bila kubebwa. Mkialikwa kukata utepe, yeye atangulie. Akikwama, utepe ungoje.

Wajumbe wa kamati za ujenzi wa zahanati na vituo vya afya, ninyi mnaohesabu mifuko ya saruji kijijini, chukueni futi kamba. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 90. Njia ya mteremko ifuate kipimo na iwe na vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Choo kimoja kiwe kipana, cha kukaa, chenye mahali pa kujishikiza. Kuweka hayo wakati msingi unachimbwa ni gharama ndogo. Kubomoa baadaye ndiko kunakotafuna fedha.

Waganga wafawidhi, nunueni kitanda kimoja kinachoshuka mpaka usawa wa kiti, na mizani pana ambayo kiti mwendo kinaingia. Mtu apimwe na kiti chake, kisha kiti peke yake, mtoe. Wapelekeni wauguzi wawili wakajifunze lugha ya alama, na CHAVITA, chama cha viziwi, kiko tayari kuulizwa. Wekeni namba zinazoonekana, na muuguzi akiita jina asogee, amguse mtu begani.

Wauguzi na madaktari, mnafanya kazi kubwa kwa mikono michache, na Mungu anaona uchovu wenu. Hata hivyo nawasihi: mzungumzeni mgonjwa mwenyewe. Msimpite kwa macho mkamuuliza aliyemleta. Mwenye ulemavu wa akili mwelezeni kwa maneno mafupi, mngoje, mmuulize tena, wala msimkate wala kumchoma kitu ambacho hajaelezwa. Aliyeumia uti wa mgongo mgeuzeni kila baada ya saa mbili, maana kidonda cha kulalia kinaanza kimya na kinaua. Asiyeona mwambieni majina yenu kabla ya kumgusa.

Wazazi, mtoeni mtoto chumbani. Mtoeni wiki hii. Aibu mnayoiogopa ni ya watu. Uhai wake ni wa Mungu.

Waumini, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndiyo maana twauona mwepesi. Tuubebe kidogo tujue uzito wake. Usharika uliochanga mamilioni kwa ajili ya spika unaweza kuchanga kitanda cha kushuka na kupanda. Jumuiya inayopanga zamu ya kufanya usafi kanisani inaweza kupanga zamu ya kumsindikiza kliniki jirani asiyeona. Mwenye bajaji miongoni mwenu na atoe safari moja kwa wiki kama sadaka.

Nanyi ndugu zangu wenye ulemavu, mnaosoma haya au mnaosomewa. Msiombe radhi kwa kuwa na miili yenu. Mnapodai njia, hamuombi fadhila. Mnadai kilicho chenu kwa sheria ya nchi na kwa damu ya Kristo. Ingieni kwenye kamati za vituo vya afya. Someni uuguzi, someni udaktari, ketini upande wa pili wa dirisha. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyenu, na vyama vyenyewe vimesema kwa miaka mingi kwamba jambo linalowahusu lisiamuliwe mkiwa nje. Tumechelewa kusikia. Semeni tena, na safari hii mtukute tumesimama nanyi.

Kila tarehe 3 Desemba dunia huadhimisha Siku ya Watu wenye Ulemavu. Nawapa kazi ya kufanya kabla ya siku hiyo kufika. Kila usharika, kila parokia, uchague hospitali moja au zahanati moja iliyo karibu. Waalikeni mwenye kiti mwendo, asiyeona, kiziwi na mkalimani wake, na mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo. Mganga mfawidhi awapokee. Watembee wote kutoka getini mpaka dirisha la dawa, waandike kila mahali walipokwama. Kisha orodha hiyo isomwe Jumapili mbele ya kusanyiko, na kila kilichoandikwa kipewe jina la mtu atakayekirekebisha na tarehe ya kukimaliza. Orodha ikiisha kusomwa, msiimbe wimbo wa kufunga ibada kabla jambo la kwanza halijapata mtu wake.

Bwana awape macho ya kuona mahali migongo yenu ilipo, miguu ya kusogea, na mikono isiyochoka mpaka kila aliyeumbwa kwa mfano wake aingie hospitalini kwa mlango, kama mtu na kama mtoto wa nyumba. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.